Gereji ya Wasomaji: Msafara Mmoja, Kila Mtu na Gari Lake

Barua za mwezi huu zimetoka miji tofauti lakini zinauliza jambo moja: watu wanaopenda magari yasiyofanana watakaaje pamoja bila kugombana, na watasaidianaje bila kuharibiana? Tumechagua tano, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu wengi mmeiuliza kwa namna moja au nyingine.

SWALI: Ndugu wahariri, habari za kazi. Hapa Moshi tuko kumi na wawili: Subaru nne, Toyota GX100 tatu (mbili zimeshushwa, yaani zimepunguzwa kimo), RAV4 mbili, Land Rover 110 mbili zenye injini ya dizeli ya 300Tdi, na mzee wetu mmoja mwenye Volkswagen Beetle ya mwaka 1971. Safari yetu ya Lushoto ilivunjika njiani. Wenye Subaru walifika Mombo wakasubiri mpaka wakachoka, kumbe Beetle imesimama Hedaru na hakuna aliyejua. Sasa wapo wanaosema kila aina ya gari iwe na kundi lake. Tufanyeje?
*Katibu wa kundi, Moshi*

JIBU: Katibu, msigawane. Anzeni hesabu na Beetle, kwa sababu Subaru inaweza kwenda polepole lakini Beetle haiwezi kukimbia kuliko pumzi yake. Moshi hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 200. Kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa mtatumia kama saa mbili na nusu. Kwa wastani wa 110, kama saa moja na dakika 50. Tofauti ni dakika 40, na ukiondoa vijiji vyote ambamo sheria inataka mwendo wa 50, inapungua zaidi. Iwekeni hesabu hiyo mbele ya kikao kabla ya siku ya safari. Ubishi wa nani anamchelewesha nani utapoa.

Wanaopenda mwendo wao waachieni, ila kwa mpango. Beetle na Land Rover zitoke saa 12 kamili asubuhi, GX100 na RAV4 saa 12 na dakika 10, Subaru saa 12 na dakika 20. Wote mkutane Same kwa chai, mkague maji na oili, halafu mwondoke tena kwa mpangilio uleule. Mkigawanyika hivyo hakuna kundi linalozidi magari matano, na hilo ni la lazima: basi likikuta magari kumi na mawili yamefuatana mkia kwa kichwa, dereva wake hana pa kuingilia akitaka kupita, na hapo ndipo ajali za misafara zinapotokea.

Ndani ya kila kundi, gari dhaifu liwe mbele na lenye vifaa liwe mwisho. Kundi la kwanza litaongozwa na Beetle, na Land Rover moja itakuwa mkia ikiwa na kamba, jeki, maji lita 20 na sanduku la spana. Acheni nafasi ya sekunde tatu kati ya gari na gari. Kwa mwendo wa 80 hiyo ni karibu mita 70. Kwenye vumbi ongezeni mpaka mwone barabara, hata kama ni nusu kilomita. Na tafadhali msiwashe taa zote nne za tahadhari kama msafara wa harusi. Zikiwaka, aliye nyuma hajui kama unakata kona au unasimama.

Lililowaponza Hedaru lina dawa rahisi: kila dereva anawajibika kwa gari lililo nyuma yake. Usipoliona kwenye kioo kwa dakika mbili, punguza mwendo. Ukiwa bado hulioni, simama mahali salama. Aliye mbele yako naye hatakuona, atasimama, na habari itafika mbele bila simu. Kwenye njia panda, kama pale Mombo mnapokata kupanda Lushoto, usiondoke mpaka umemwona wa nyuma yako ameanza kukata kona. Simu ishikwe na abiria.

Sasa jifunzeni magari ya wenzenu, maana msaada wa mtu asiyelijua gari unaweza kuwa hasara. Beetle haina rejeta. Inapozwa na hewa ya feni inayozungushwa na mkanda uleule unaozungusha jenereta. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka ghafla mwendoni, huenda mkanda umekatika na injini haipati hewa kabisa: izimwe palepale, bila kusema “nitafika kijiji kinachofuata”. Mzee atembee na mkanda wa akiba, na mkanda uliofungwa vizuri ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba hubonyea kama milimita 15. Injini hiyo inabeba lita mbili na nusu tu za oili na haina chujio la karatasi, ina wavu tu, kwa hiyo oili imwagwe kila kilomita 5,000 na nafasi ya vali ipimwe injini ikiwa baridi, iwe milimita 0.15. Kwenye mlima wa Soni apande na gia ndogo, injini izunguke kwa wepesi ili feni nayo izunguke. Akiing’ang’ania gia ya tatu injini ikigugumia, joto linapanda.

Subaru ni kinyume chake. Ikipandisha joto, msifungue kifuniko cha rejeta na msimwage maji baridi kwenye injini ya moto. Hedi ya aluminiamu, yaani kichwa cha injini, hupinda. Ngojeni nusu saa au zaidi. Mkishajaza maji, toeni hewa: gari liinuliwe pua, maji yaingie taratibu, na kama rejeta ina skrubu ndogo ya kutolea hewa upande wa juu, ifunguliwe mpaka yatoke maji matupu. Injini ya Subaru imelala ubapa, na hewa hujificha ndani yake kirahisi kuliko kwenye injini iliyosimama. Mapovu yakiendelea kutokea kwenye chupa ya maji injini ikinguruma, fikirieni gasketi ya hedi, na gari hilo lirudi nyumbani juu ya lori.

Kushuka ndiko kunakotutia hofu kuliko kupanda. Kutoka Lushoto hadi Mombo, kila gari lishuke na gia ileile ambayo lingepanda nayo. Wenye otomatiki wazime O/D (overdrive, gia ya juu kabisa) au washushe kwenye 2. Ukisikia harufu ya breki kuungua, simama Soni robo saa, usivute hendibreki na usimwagie ringi maji. GX100 zilizoshushwa ziishie kwenye lami. Mkitaka kuingia barabara za udongo za vijiji vya juu, wenye nazo wapande Land Rover na RAV4. Sampu ya oili, yaani bakuli la chini ya injini, ikigonga jiwe, safari ya watu kumi na wawili imeisha.

SWALI: Mimi nina Forester ya 2004, rafiki zangu wawili wana Toyota GX110 na Land Rover Defender. Tukitoka pamoja tunaweza kubeba tairi moja la spea kupunguza mzigo?
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Hapana, hata kama matairi yanafanana kwa macho. Forester yako ina matundu matano kwenye duara la milimita 100. GX110 ina matano kwenye 114.3. Defender ina matano kwenye 165.1. Hakuna ringi hata moja kati ya hizo inayokaa kwa mwenzake.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye nati, kwa sababu hizo hukaribia kufanana. Boliti ya Subaru na ya Toyota zote zina unene wa milimita 12, lakini hatua ya uzi (umbali kati ya mzunguko mmoja wa uzi na unaofuata, kwa milimita) ya Subaru ni 1.25 na ya Toyota ni 1.5. Nati ya Toyota ukiivalisha kwenye boliti ya Subaru inaingia mzunguko mmoja au miwili kwa vidole, halafu inakaza. Asiyejua anachukua weli spana anaisukuma kwa mguu. Inaingia kweli, lakini uzi umekatwa, na nati hiyo italegea njiani au boliti itakatika siku ya kuifungua. Sheria ya kufuata ni moja: nati ambayo haizunguki kwa vidole mpaka karibu na ringi, irudishe kwa mwenyewe. Angalia pia sehemu ya nati inayokalia ringi. Ringi nyingi za chuma na za kununua dukani hutaka nati yenye kichwa cha koni, ilhali ringi za aloi za kiwandani za Toyota nyingi hutumia nati yenye washa bapa. Koni kwenye tundu la bapa haishiki.

Wewe mwenye Subaru una jambo la ziada. Magurudumu yako yote manne yanavuta, na kampuni inataka mzunguko wa matairi usitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Ukifunga tairi jipya moja na mengine matatu yamekwisha, mtambo wa katikati, unaogawa nguvu mbele na nyuma, unazunguka muda wote kufidia tofauti na unaungua. Kwa hiyo spea yako iwe ya saizi ileile na iingie kwenye mzunguko wa kubadilishana matairi. Ukilazimika kufunga spea ndogo, angalia kama Subaru yako ni ya otomatiki ya gia nne yenye kisanduku kilichoandikwa FWD, kwa kawaida chini ya boneti. Si zote zinacho. Ukichomeka fyuzi pale, taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi na magurudumu ya nyuma yanaacha kuvuta. Toa fyuzi mara tu tairi la kawaida likirudi. Na waambie rafiki zako leo: Subaru yako isivutwe huku magurudumu mawili yameinuliwa na mawili yako chini. Ipakiwe yote juu ya lori.

SWALI: Sisi vijana wa Subaru na wazee wa Datsun na Peugeot 504 huenda Naivasha kutazama Safari Rally. Mwaka jana tuliegesha pamoja, wazee wakalalamikia kelele, vijana wakaondoka wamenuna. Tufanye nini tusitengane?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Mashindano hayo mnayoyapenda nyote yalianza mwaka 1953, na orodha ya washindi ndiyo mazungumzo yenu ya kuanzia. Volkswagen Beetle ilishinda 1962. Peugeot 504 ilishinda 1975 na tena 1978. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo na Datsun, 1979 hadi 1982, baada ya kushinda na Datsun 240Z mwaka 1973. Colin McRae akaja na Subaru Impreza mwaka 1997. Yapangeni magari yenu kwa miaka hiyo, Datsun kando ya Impreza, boneti zote wazi, wala si wazee upande huu na vijana upande ule. Kijana akiinama kutazama kabureta, atauliza swali. Mzee akiulizwa swali zuri, atauliza la turbo.

Kuhusu kelele, vijana wasikie jambo la kiufundi. Ule mlio wa Subaru unaopendwa unatoka kwenye mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu, ambapo moshi wa silinda hufika kwenye makutano kwa zamu zisizo sawa. Saileansa haiuondoi. Ukiitoa saileansa unaongeza sauti kubwa tu, mlio ni uleule. Kwa hiyo irudisheni. Kupiga resi gari likiwa limesimama na injini ya baridi pia kunaumiza: oili nzito bado haijafika vizuri kwenye turbo na kwenye beringi. Tunashauri mpange muda maalumu, tuseme dakika kumi saa sita mchana, gari moja baada ya jingine, injini zikiwa na joto. Wazee watazisikiliza kwa hamu, tuna hakika, kwa sababu hakuna atakayeshtuliwa akiwa ameshika kikombe cha chai.

Mambo mawili ya pale Naivasha. Msiegeshe juu ya nyasi kavu ndefu. Katalitiki (kisafishio cha moshi kwenye ekzosi) na ekzosi ya moto huwasha nyasi, na magari ya jirani huungua pamoja. Na lile vumbi laini kama unga ni sumu kwa chujio za hewa za wazi ambazo vijana hufunga. Fungeni boksi la kiwandani kwa safari hiyo. Waulizeni wenye 504 jinsi chujio za hewa zenye bakuli la oili zilivyofanya kazi kwenye vumbi. Baadhi yao bado wanazo. Jioni toeni chujio la karatasi mligongegonge chini taratibu. Hewa ya kompresa, ikitumika, ipulizwe kutoka ndani kwenda nje.

SWALI: Kundi letu lina kila kitu, kuanzia Vitz mpaka Land Cruiser. Tukifanya mashindano, mwenye injini kubwa anashinda kila mara na wengine wameacha kuja. Kuna mchezo gani wa haki?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Upo, na tunautetea kwa moyo wote: mashindano ya kutimiza muda. Mnachagua njia, mnatangaza wastani, na mshindi ni aliyeukaribia wastani huo zaidi. Kilomita 28 kwa wastani wa 42 kwa saa ni dakika 40 kamili. Ukifika sekunde tano mapema una pointi tano za kosa, ukichelewa sekunde tano vilevile. Mwenye pointi chache anashinda. Vitz inaweza kuibwaga V8, na hakuna anayevunja sheria ya barabarani kwa sababu wastani mnauweka chini ya ile inayoruhusiwa.

Kinachoharibu mchezo huu ni odomita. Matairi yaliyobadilishwa saizi hudanganya. Kabla ya kuanza, kila gari lipite kipande kilekile cha kilomita 10 mlichokipima kwa gari moja la mwamuzi. Odomita yako ikionyesha 10.4, basi kila kilomita ya mwamuzi kwako ni 1.04, na msomaji wako wa ramani azidishe hivyo njia nzima. Magari yaondoke kwa kupishana dakika mbili. Wekeni vituo viwili au vitatu vya siri, kila kimoja na watu wawili na saa zilizolinganishwa asubuhi hiyo. Pigeni marufuku kusimama ndani ya mita 200 kabla ya kituo, la sivyo watu watakimbia kisha wasimame kungoja muda wao, na hapo mmerudi kulekule. Abiria ndiye nusu ya ushindi, kwa hiyo mwenye gari jipya kundini apewe msomaji mzoefu kutoka gari la aina nyingine.

SWALI: Assalamu alaykum. Sisi ni Waswahili wa hapa Muscat, wenye Patrol na wenye Land Cruiser. Kijana wetu amenunua Suzuki Jimny na anataka kuja nasi mchanga wa jangwa la Wahiba. Wengine wanasema atatusumbua. Naye atatufaa kweli?
*Msomaji, Muscat*

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Mchukueni. Jimny ina uzito wa takribani tani moja na kidogo, na mchanga hupenda gari jepesi. Itapita juu pale ambapo Patrol inazama. Asichoweza ni kuwavuta ninyi, kwa hiyo apangwe katikati ya msafara, wala si peke yake na gari moja kubwa.

Upepo wa matairi ndio kila kitu. Magari makubwa shusheni hadi psi (kipimo cha upepo wa tairi) 15 au 18, Jimny hadi 12 au 14. Chini ya hapo tairi linaweza kuvuka ringi mkikata kona kali. Mtu akinasa asikanyage mafuta: magurudumu yakizunguka yanachimba kaburi. Arudi nyuma kwenye njia yake mwenyewe, mchanga mbele ya matairi utolewe kwa koleo, upepo ushushwe psi mbili zaidi.

Kwa kuvuta, tumieni mkanda unaonyumbuka na shakeli zilizoandikwa uzito zinaoubeba, zifungwe kwenye ndoano za fremu pekee. Msifunge kamwe kwenye tufe la trela. Likikatika linaruka kama risasi na limeshaua watu sehemu nyingi duniani. Tandazeni nguo nzito au mkeka katikati ya mkanda, na watazamaji wakae mbali kwa umbali wa mara moja na nusu ya urefu wa mkanda, pembeni, wala si kwenye mstari wake. Wekeni kompresa moja kwenye Patrol na moja kwenye Land Cruiser. Kabla ya kurudi lami kila tairi lijazwe, kuanzia la Jimny, kwa sababu ni dogo na linajaa haraka, na kijana huyo akiwa amemaliza ataweza kuwashikia wengine mpira wa upepo.